Mkate wa Viazi Uliovuta Nyuzi

Wanangu, mkate ukinukia nanasi lililoiva kupita kiasi, na nyinyi hamkutia nanasi, msiule. Ukateni katikati, mvivute vipande viwili polepole huku mnavitazama. Mkiona nyuzi nyembamba zenye kunata zimetoka kipande hiki zikaenda mpaka kile, huo mkate umeugua. Utupeni, hata kuku msiwape. Naanza na hilo kwa sababu kila mnapokuja hapa kibarazani kwangu mnaniuliza siri ya mkate wa viazi kuwa laini, na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniuliza unavyoharibika. Mimi hilo ndilo swali lililonisumbua kuliko yote katika kazi hii. Na kwa sababu wakati ule hatukuwa na jibu lake, mke wa mtu nusura aipoteze ndoa yake.

Jina langu mnalijua, Edina. Nimezaliwa Nanyala, nyumba yetu ikitazama barabara kuu, na mama yangu alikuwa akilalamika kwamba mtoto huyu anauliza mpaka usingizini. Kwa nini lori lile lina magurudumu mengi kuliko hili? Kwa nini ugali wa chini ya sufuria ni mtamu kuliko wa juu? Nilipokuja Tunduma kutafuta kazi niliipata kwa Mama Amosi, Mnyamwanga wa hapa hapa mpakani, aliyekuwa na tanuri la matofali nyuma ya nyumba yake. Nikakaa na tanuri hilo mpaka kifua kiliponiambia moshi basi. Sasa kazi yangu ni kunywa chai na kuwasema nyinyi mnaojifunza kuoka kwa kutazama simu.

Siwachekei, jamani. Ningekuwa na simu kama hizo zenu enzi zangu ningeiuliza maswali mpaka ichoke. Lakini simu haikijui kiazi chako. Viazi vinavyoshuka kutoka milima ya Ileje vikiwa vimechimbwa majuzi vina maji mengi, donge litawanata mpaka kwenye viwiko. Chagueni vilivyokaa kidogo, ngozi imeanza kusinyaa, ndani vimekuwa vya unga unga. Vilivyopigwa na jua vikawa kijani acheni hapo hapo sokoni. Vichemsheni na maganda yake, vimenyeni vingali moto, mkivirusharusha mkononi kwa kuungua hiyo ndiyo kazi yenyewe, na mviponde papo hapo. Kiazi kikipoa hakipondeki vizuri tena, kinaacha mabonge, na mteja akikutana na bonge ndani ya mkate anaanza kuwaza mambo yake. Maji mliyochemshia msiyamwage. Ndiyo mtakayokandia, yakishapoa mpaka mnaweza kuyaogeshea mtoto.

Kuna kosa moja la wanafunzi wote, na mimi nililifanya vilevile. Donge la viazi linanata, mtu anaogopa, anaongeza unga. Linanata tena, anaongeza tena. Mwisho anaoka tofali. Msiongeze. Pakeni mafuta mikononi, kandeni, mpumzike, mkande tena. Litakuja lenyewe.

Haya yote alinifundisha Mama Amosi. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kusimamisha lori. Siku yangu ya kwanza alinichotea donge bichi kwa kidole.

"Onja."

Nikaonja.

"Limekosa nini?"

Nikasema sukari. Alinitazama kama niliyemtukana.

"Chumvi, mwanangu! Mkate bila chumvi ni pamba iliyookwa."

Akanieleza kwamba chumvi si ya ulimi peke yake. Chumvi ndiyo inayoishika chachu mkono isikimbie. Donge lisilo na chumvi huumuka kwa pupa, hufura, halafu hupasuka ubavuni likiwa ndani ya moto. Tangu siku hiyo hatukusalimiana kama watu wengine. Nikifika asubuhi, kabla hajaniuliza nimeamkaje, ananiuliza, "Chumvi?" nami najibu, "Nimetia, mama." Siku moja tulikutana msibani, watu wamekaa kimya, akaniinamia sikioni. Nikajua anataka kunipa pole. "Donge la kesho," akaninong'oneza, "umelitia chumvi?" Kicheko kilinibana mpaka nikajifunika kitenge uso mzima, na wenye msiba wakanionea huruma wakidhani nalia kuwazidi.

Mikate yetu ilikuwa ya madereva. Mnaijua foleni ya malori hapa mpakani ilivyo, mtu anaweza kulala na kuamka papo hapo na kulala tena. Mkate wa kawaida kwenye kabini ya lori unakauka upesi, wa viazi unabaki laini, kwa sababu kiazi kinayashika maji hakiyaachii. Madereva wa Zambia, ambao mama wanamwita bamayo, walitufuata mpaka uani. "Bamayo, ule wa viazi upo?" Ukiwepo, ananunua wake na wa mwenzake aliyeogopa kuliacha gari. Ukiwa umekwisha, anasimama pale akinusa tanuri.

Sasa nisikilizeni vizuri kuhusu chungu. Mama Amosi hakuwa akitumia hamira ya dukani. Alikuwa na chungu cha chachu alichokirithi kwa mama yake, kimekaa pembeni juu ya kata ya majani. Ndani yake mna maji ya viazi, unga kidogo, na togwa iliyochacha mpaka inakung'ata ulimi. Kila siku unachota, kila siku unaongeza. Chachu ile ilikuwa ya polepole kama mzee anayepanda mlima, donge tulilokanda jioni liliumuka asubuhi. Nikamuuliza kwa nini togwa.

"Ndivyo alivyofanya mama."

"Na yeye kwa nini?"

"Edina, kanda!"

Mwanawe Amosi alikuwa dereva, akipeleka mizigo mpaka Kongo. Mwaka mmoja baada ya mavuno akaoa. Alimuoa Minza, binti wa Kisukuma kutoka Ndalambo, kule bondeni ambako jamaa zake walihamia na ng'ombe wao. Minza aliingia uani akapiga magoti kabisa, akamwamkia mama mkwe kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," na Mama Amosi, aliyezoea wasichana wa mjini wanaosalimia wakitazama pembeni, alifurahi mpaka akasahau kumuuliza mtu chumvi. Kwa muda alimwita mwanangu, hakumwita mkwe.

Vitu viwili vilikuja na arusi ile. Minza alikuja na kibuyu cha mtindi, maana kwao mwali haondoki mikono mitupu, na alikuwa akikiongezea maziwa kila mara ili kisikauke. Na Amosi alimletea mama yake katoni ya hamira, zawadi kutoka safarini. "Mama, upumzike na chungu chako," alisema. "Hii unaweka sasa hivi, ukimaliza kufagia uwanja limeshaumuka."

Hamira haina kosa, nawaambia mapema msije mkaitupa. Mimi ilinishangaza mno. Niliitia kwenye maji ya uvuguvugu nikakaa chini kuitazama inavyotoa povu, Mama Amosi akanipita na kuni mara mbili bila mimi kunyanyuka. Mikate ikawa mingi, myeupe, mirefu. Chungu cha mama yake tukakiosha, tukakiinamisha nyuma ya nyumba.

Halafu likaja lile jua la kabla ya mvua. Tunduma yetu ni ya baridi, mnajua, lakini majuma yale kabla ya masika kufika, bati linawaka. Ndipo siku moja akaja dereva mmoja Mzambia, mteja wetu wa siku nyingi, ameushika mkate kwenye karatasi.

"Bamayo, mukwai, sikuja kugomba," alisema kwa adabu za kwao. "Lakini tazama."

Akauvuta. Zikatoka nyuzi. Nyingi, nyembamba, zinang'aa, kama utando wa buibui uliolowa. Na harufu ile ya nanasi ikajaa uani.

"Umeuweka wapi?" Mama Amosi akauliza.

"Palepale ninapoiweka siku zote."

Nitawaambia ukweli wangu. Mama Amosi alikuwa amebadilika rangi, na mimi nilichotaka ni kuunusa tena. Sikuwahi kuona kitu kama kile. Mkate ulikuwa umeiva, juu haukuwa na ukungu, ugonjwa ulikuwa katikati kabisa ambako hakuna mkono uliofika. Uliingiaje? Nikauliza kwa sauti. Mama Amosi akaniambia ninyamaze.

Tulisugua ubao wa kukandia na vibati vya kuokea. Tukabadilisha duka la unga. Viazi vya Ileje tukaviacha, tukatafuta vya kwingine. Siku za baridi mikate inasalimika, jua likichachamaa nyuzi zinarudi. Madereva wakaanza kupita bila kukata kona. Na pale sokoni, mwanamke mmoja muuza dagaa akamuuliza Mama Amosi swali dogo tu, "Yameanza lini haya?" Mama Amosi akafikiri. Yalianza baada ya arusi. Hakuna aliyelitaja neno uchawi, ila tangu siku hiyo tukifika sokoni watu wanateremsha sauti.

Minza hakuwa akigusa mikate yetu. Katika nyumba ile mwali aliachwa kwanza azoee, kazi ya tanuri angepewa baadaye. Lakini alikuwa akichukua kiazi kimoja kilichobaki, unga kiganjani, hamira punje, anajikandia kimkate chake ndani ya kopo na kukisogeza mdomoni mwa tanuri tukishamaliza. Mahali pa maji alimimina mtindi. Nilimuuliza, maana mimi siwezi kuona kitu nikanyamaza.

"Dada, kwetu maziwa yanaingia kila mahali," alinijibu akicheka. "Mkate wa maji naona kama nakula karatasi. Usimwambie mama."

Kwa hiyo mnaona ilivyokuwa. Siku moja Mama Amosi aliingia chumbani kwa mkwewe kutafuta ufagio, akakikuta kimkate kile kimekaa siku nyingi, kimefunikwa kitambaa. Alikikata. Kilikuwa kizima. Hakikuwa na nyuzi wala harufu. Viazi vilevile, unga uleule, hamira ileile, tanuri lilelile. Na pembeni yake, juu ya kigoda, kibuyu kimezibwa kwa gunzi la mahindi.

Nyinyi mliokulia mjini mtasema kibuyu ni kibuyu. Kwa Wasukuma kibuyu ni cha maziwa, basi. Kwa Mama Amosi na kwa wengi wetu huku, kibuyu kilichozibwa na kuwekwa chumbani ni kitu cha mganga.

Alitoka uani amekishika kimkate mkono mmoja. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha.

"Wako mzima," alimwambia Minza. "Wangu unaoza. Nieleze."

Minza akapiga magoti. "Mama, mimi sijui."

"Unalinda wako, unaharibu wangu?"

"Mama, nile nini basi kama hata mkate wangu ni kosa?"

Lilikuwa jibu la kweli, lakini si la kumpa mama mkwe aliyekwisha kuogopa. Asubuhi yake Minza alifunga nguo zake. Nilimsindikiza kituoni akapanda gari la Ndalambo, machozi yanamdondoka kidevuni wala hayafuti. Kibuyu alikiacha. Aliniambia, "Dada, nikikibeba watasema nimechukua dawa yangu, nikikiacha watasema nimewaachia." Nikamshika mkono mpaka kondakta alipogonga bodi.

Jioni Amosi alipiga simu, yuko Lubumbashi, mzigo ameshashusha, anaanza kurudi. Simu ya mkewe haipatikani, yuko wapi? Mama Amosi akasema amekwenda kwao kusalimia. Alipokata simu akaniambia bila kunitazama, "Akifika nitamwambia achague, mimi au yeye." Akakaa juu ya gunia la viazi. Niliwajua wote wawili, mama na mwana. Amosi asingechagua. Angepanda lori na tusingemwona tena kwa muda mrefu, na nyumba ile ingebaki na mwanamke mmoja na tanuri baridi. Nilimpenda Mama Amosi, wanangu. Nilikuwa na hasira naye na nilimpenda.

Lakini hasira haikunipa jibu. Kilichonipa jibu ni kidole.

Nilikuwa naosha vyombo, nikakikuta kibuyu cha Minza, nikafikiri huu mtindi utaharibika. Nikauonja, kama nilivyofundishwa kuonja kila kitu. Ulikuwa mkali, mashavu yakanivuta. Nikasimama pale. Ukali ule niliujua. Nilikuwa nikiuonja kila asubuhi kwa miaka, lakini si kwenye maziwa. Nikatoka nje mpaka nyuma ya nyumba nikakiinua chungu cha mama yake Mama Amosi, nikakinusa. Kilikuwa kimeoshwa, lakini udongo hausahau upesi, na ile harufu ya togwa iliyochacha ilikuwa bado imo. Nikarudi nikakoroga hamira kwenye maji, nikaonja. Haikuwa na ukali hata kidogo.

Nilianza kucheka peke yangu. Halafu nikajiambia, Edina, huo bado ni mdomo tu, uoke.

Nikasaga kimea cha ulezi, nikapika uji wa mahindi, nikaiacha togwa ichache kwenye chungu mpaka iwe ya kung'ata. Ilipokuwa tayari niliponda viazi vya sufuria moja, nikagawa mafungu matatu. Moja nilikandia maji na hamira, nikalichanja mstari mmoja juu. La pili hamira na mtindi wa Minza, mistari miwili. La tatu, nililolitangulizia jioni kwa kuwa ni la polepole, chachu ya chungu, mistari mitatu. Nikaoka moto mmoja, kuni za visiki vya kahawa kutoka Mbozi, zinazowaka taratibu. Nikatupa unga kidogo kwenye sakafu ya tanuri kwanza, ukawa wa kahawia bila haraka, nikajua joto ni sawa. Mikate ikapoa, nikaifunika na kuiweka juu ya tanuri, mahali pa joto kuliko pote, ili kama ni kuugua iugue vizuri. Mama Amosi alinipita akaniuliza nafanya nini. Nikasema nachunguza. "Chunguza," akasema, kama mtu aliyemwambia mtoto cheza.

Kusubiri kule kulinitesa. Nilikuwa napita kila saa na kunusa kitambaa. Hatimaye harufu ya nanasi ikaja, nikamwita.

Wa mstari mmoja ulivuta nyuzi mpaka urefu wa mkono. Wa mistari miwili mzima. Wa mistari mitatu mzima.

"Huu umetia dawa yake," akasema Mama Amosi, akiuonyesha wa mistari miwili. "Utaozaje?"

"Sawa, mama. Na huu? Huu nimetia chachu ya chungu cha mama yako. Naye alikuwa na dawa?"

Akaugeuzageuza mkate ule mkononi.

"Na huu uliooza, Minza hakuugusa. Yuko Ndalambo."

"Labda ameuacha uchawi kwenye ubao."

"Ubao ni mmoja, mama. Yote mitatu imekandwa hapo hapo. Onja."

Nikampa mtindi kwa kidole, kisha togwa, kisha maji ya hamira. Alionja akiwa amekunja uso, akarudia tena, mtindi, togwa. Miaka yote ile yeye ndiye aliyekuwa ananionjesha mimi. Aliingia ndani akajifungia, na kesho yake akakanda mwenyewe donge la hamira na maji, mlango amefunga, hakuna aliyemsogelea. Akaliweka juu ya tanuri. Lilipovuta nyuzi alikuja kuniita kwa jina langu, hakupaza sauti.

"Ni mkono wangu huu, Edina," alisema. "Nilimfukuza mtoto wa watu kwa mkono wangu mwenyewe." Akalia. Sikumwambia usilie, maana palikuwa na sababu.

Baadaye sana mtaalamu mmoja wa mambo ya chakula alinieleza vizuri. Kiazi kinatoka udongoni, na udongoni mna vijidudu vyenye mbegu ngumu ambazo hata moto wa tanuri hauziui katikati ya mkate. Mkate ukikaa joto zinaamka, zinatafuna, zinaacha zile nyuzi. Zinachoshindwa ni ukali. Ndiyo maana hamira yenu tumieni, lakini na mtindi au togwa iliyochacha ziwepo, na ubao usuguliwe kwa ndimu au siki, na mkate upoe kabisa kabla ya kuufunga. Mnaofunga mkate ungali na mvuke kwa sababu mteja ana haraka, mnawatandikia wale vijidudu kitanda. Mama yake Mama Amosi hakuyajua hayo, lakini sijui ni nani kabla yake aliyevumilia mikate mingapi iliyooza mpaka akafika kwenye togwa. Huyo ningependa kukaa naye nimuulize.

Basi, Amosi alikuwa ameshaingia Zambia anakuja. Mama Amosi akaamua kwenda Ndalambo kabla mwanawe hajafika. Lakini hakutaka kwenda na maneno. "Maneno nilimpa ya kutosha," alisema. Akaoka mkate kwa njia ya Minza, hamira na mtindi wa kibuyu kile kile, ambacho siku hizo tulikuwa tunakiongezea maziwa kama alivyofanya Minza mwenyewe. Mama Amosi alinikataza nisimsaidie. Alikanda akinung'unika maneno ya kumwambia baba yake Minza, anaanza, anafuta, anaanza tena. Donge liliumuka upesi kuliko nilivyotarajia. Nilishangaa, nikasema labda mtindi umepata nguvu. Lilipotoka motoni lilikuwa refu sana na limepasuka ubavuni. Nikashangaa tena, lakini sikumuuliza, na wanangu, hiyo ndiyo siku peke yake maishani mwangu nilipokuwa na swali nikalimeza.

Mkate ule hakuukata. Aliuacha juu ya tanuri ulale kwenye joto kama ile mingine, ili ukifika uwe umekwisha kujaribiwa. Kisha akaufunga kwa kitambaa cheupe, nikabeba kibuyu, tukapanda gari la Ndalambo. Njia nzima tunateremka, joto linapanda, yeye anainua kitambaa kila baada ya kituo na kunusa.

Kwa kina Minza tuliwakuta uani. Baba yake, Mzee Masanja, alitupa vigoda, akatusalimia kwa heshima, na hakutabasamu. Minza alikuwa anakamua. Aliacha, akaja akapiga magoti kwa mama mkwe wake kama siku ile ya kwanza, "Mwangaluka, mayu," ila alitazama chini.

Mama Amosi alisahau hotuba yote. Alishuka kwenye kigoda akakaa chini kwenye mavumbi, usawa wa Minza, na kitenge chake kizuri.

"Mzee Masanja," alisema, "nilimwita mwanao mharibifu. Si kweli. Kilichoharibu mkate wangu ni mimi kuacha ukali wa mama yangu, na aliyekuwa anaujua ni huyu, ila sikumuuliza. Nimekuja kumwomba msamaha mbele yako." Kisha akamgeukia Minza. "Nimeoka kwa mtindi wako. Umekaa kwenye joto kuliko mikate yangu yote. Uvute wewe."

Minza alinitazama. Nikamwekea kibuyu chake mbele yake. Akaufungua mkate, akaushika kwa mikono miwili, akaumega katikati taratibu sana, akavuta. Sote tuliinama kutazama, hata Mzee Masanja alitoka kwenye kigoda. Ulimeguka kavu, bila hata uzi mmoja.

Minza akakata kipande, akatia mdomoni, akatafuna. Akaacha kutafuna. Akamtazama mama mkwe wake usoni kwa mara ya kwanza tangu tulipofika, na midomo ikaanza kumcheza.

"Mama," akasema, "umesahau chumvi."

Mama Amosi alimnyang'anya kipande, akaonja. Alikaa nacho mdomoni, macho yamemtoka. Kisha akaanza kucheka, kile kicheko cha kusimamisha lori, mpaka ng'ombe wakageuza vichwa, na machozi yanamtoka hajui yapi ni ya nini. Minza naye akashindwa kujizuia.

"Basi twende ukatie wewe," Mama Amosi akasema alipopata pumzi. "Mimi nimezeeka, nitasahau tena."

Minza akamtazama baba yake. Mzee Masanja alikuwa anatafuna mkate, anakunja uso, lakini alitikisa kichwa kukubali. Minza akanyanyuka, akajipangusa maziwa mikononi, akaingia ndani kufunga nguo zake.